Wimbo wa Godoro

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na watoto wanakusikia. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba sikusoma.

Bado napandisha saruji kwenye lile jengo, lakini nimepata na kazi nyingine ya ajabu. Ghorofa ya tatu kuna studio ya muziki. Siku moja nilitua mfuko mlangoni kwao nivute pumzi, nikawa naimba pamoja na kijana aliyekuwa anarekodi. Fundi wa studio akatoka mbio kuniuliza wimbo huo nimeusikia wapi, maana ulitungwa jana. Nikamwambia sijausikia popote. Mtu akishasema "moyo wangu", kinachofuata si "ni wako peke yako"? Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tangu hapo, kila mchana ananikalisha kwenye kigoda. Wimbo unapigwa, unakatwa katikati, nami nataja mstari unaofuata. Nikipatia, mwimbaji anarudi nao nyumbani akautunge upya. Wananiita Mchawi. Mmoja alilalamika kwamba namzibia riziki. Nikamjibu aache kwanza kufananisha wanawake na maua.

Yupo mmoja, Kidevu, nilimrudisha mara tatu. Fundi akamwambia ya nne ndiyo ya mwisho. Akanifuata kwenye ngazi, akakaa juu ya mifuko yangu, akakiri kwamba hajawahi kuachwa na mtu. Machozi yote huyaazima redioni. Nikamhurumia.

Dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Nilimsimulia siku shemeji alipokuacha, kisha akarudi kuchukua godoro. Jinsi ulivyolifunga kamba mwenyewe, ukamtwika kichwani, ukamwambia, "Shingo ikichoka, usilitue kwangu."

Kidevu akarudi na wimbo mzima, maneno yako ndiyo kiitikio. Fundi akaukata pale pale kwenye "shingo ikichoka", akanigeukia. Nilijua kila neno, dada. Nikasema sijui.

Sasa unapigwa kila duka, na huko kwenu utafika wiki hii kama haujafika. Nisamehe. Jina lako sikulitaja hata kidogo. La shemeji ndilo lililonitoka, na Kidevu akasema lina vina vizuri.

Wasalimie wote wanaokula chungu kimoja nawe. Ukikutana na shemeji kafunika uso, mpishe tu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo.