Nimekitengeneza Kinyago, Nashindwa Kukivaa

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako kila gazeti linapotufikia huku kijijini, na nakiri kwamba mara nyingi nimecheka shida za wenzangu ukurasani kwako, leo zamu yangu imefika na sina kicheko, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho hata nikizunguka, maana jambo lenyewe ukilisema kwa mkato linaonekana la kitoto.

Jina langu ni Theodory, kabila langu Mhehe, lakini nimezaliwa Kimamba kwa sababu baba yangu aliletwa na kazi ya mkonge kutoka Iringa, kama vile baba yake Makarius alivyoletwa na mkonge huohuo kutoka Songea, wao ni Wangoni, na unajua mwenyewe kwamba Mhehe na Mngoni ni watani tangu vita vya mababu. Basi mimi na Makarius tumekua tukitukanana kila siku ya Mungu, yeye akisema Wahehe tunakula mbwa, mimi nikisema Wangoni wanamaliza panya wote mashambani, na hakuna aliyewahi kununa.

Mwaka juzi, tulipohamia kijiji cha ujamaa, lilikuja gari la sinema, wakatandaza shuka jeupe ukutani kwa ghala, wakatuonyesha kwanza kilimo bora cha pamba na baadaye picha ya mtu aliyefunika uso kwa kinyago, anainua lori kwa mkono mmoja na kuwapiga wanyang'anyi, lugha hatukuielewa ila yule mtu wa gari alikuwa akitueleza kwa kipaza sauti, na kwa sababu kinyago kile kilikuwa na alama ya radi kwenye paji, watoto wakamwita Bwana Radi. Sabasaba ikakaribia, Vijana wa TANU tukaambiwa tutoe mchezo, Makarius akasema safari hii Bwana Radi atakuja kijijini kwetu kumpiga Kupe, yaani mnyonyaji, yeye atakuwa Bwana Radi na mimi nitengeneze kinyago kwa kuwa nina mikono.

Nilikitengeneza nyumbani. Nilifunika kitako cha chungu cha mke wangu kwa vipande vya magazeti ya zamani, tabaka juu ya tabaka, nikivigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo na kupitisha nyuzi za katani katikati ili kisivunjike, nikakianika juani mpaka kikawa kinalia ukikigonga, nikakipaka udongo mwekundu na masizi, na ukanda wake nikaukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ila Makarius alipokijaribu alisema haoni, akachukua kisu cha jikoni akachimba tundu moja la jicho mpaka likapanda juu kuliko lenzake, nikamwambia Mngoni umeharibu kazi ya watu, akanijibu kwamba bora shujaa mwenye makengeza kuliko shujaa kipofu. Siku yenyewe akaruka uwanjani kwa kishindo, akampita Kupe, akaenda kumkamata kiunoni mgeni rasmi. Uwanja mzima ulicheka, mgeni naye alicheka, na Mama Marselina, mama yake Makarius, alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Kinyago hicho hakipo tena, kilisahauliwa juu ya paa la jiko, mvua ya vuli ikakinyeshea, kikarudi kuwa uji.

Mwezi uliopita Makarius alifariki. Lori la kukodi lililokuwa likituletea nguzo za darasa la kijiji lilipinduka kwenye kona upande wa Mikumi, na yeye alikuwa amekaa juu ya nguzo.

Sasa, Mama, msiba wa Mngoni una kazi yake kwa Mhehe. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, anayemwambia mfiwa maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa, anayejilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, na watu wanacheka katikati ya kilio chao, ndivyo wanavyopata nguvu ya kurudi nyumbani. Nimeifanya kazi hiyo kwenye misiba mingi na nasifiwa. Siku ile nilivaa koti lake, nikashuka kaburini, nikalala chali kama ilivyo desturi, watu wote wakanyamaza kungoja neno langu la kwanza, na mimi nikalia. Nililia kwa sauti, nikashindwa kuinuka, ikabidi wanaume waingie kunitoa. Mama Marselina alikuwa amesimama pale ukingoni, akaniambia, "Mtani wangu, hata wewe?"

Tangu siku hiyo amekaa kwenye mkeka wake anatazama mlango. Chakula anakigusa kidogo. Ukimwamkia haitikii, Mama, watoto kwa wakubwa tunampa shikamoo na zote zinabaki hewani, na mtu mzima asiyeitikia shikamoo kwetu huku wewe unajua maana yake, ni kama ameshaondoka kabla ya kufa. Neno moja tu amelisema, alimwambia binti yake Ida, na Ida akaja kunipa ujumbe kama ulivyo: "Mwambieni mtani wangu anitengenezee kile cha Makarius, aje nacho arobaini."

Nimekitengeneza. Nimechukua muda, nimekipima kwa uzi ili macho yalingane, alama ya radi nimeichora vizuri, na kila aliyekiona anasema Bwana Radi wa kwenye shuka ndiye huyuhuyu, hata kile cha kwanza hakikufikia nusu. Nimekitundika ukutani chumbani. Lakini kila nikikishika ili nikijaribu, mikono inakataa. Mke wangu Fausta, ambaye kwao ni Wasagara wa milimani, watu wa Anglikana, hataki kukiona, ananiambia, "Nguo za marehemu naelewa, hata kwetu watani wanavaa, lakini uso wa mtu unavaliwaje?" Anataka nikichome. Na mimi nawaza, nikikivaa nikalia tena mara ya pili nitakuwa nimemmaliza yule mama, na nisipokwenda nitakuwa nimemmaliza vilevile, na hata nikiweza, nani ajuaye kama akiuona uso ule mlangoni hataanguka akafa palepale. Nikivae au nikichome? Arobaini inakaribia, nakuomba usiniweke chini ya rundo.

Mimi mtani niliyejiaibisha,
Theodory, Kimamba, Wilaya ya Kilosa.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Theodory. Poleni sana kwa msiba, wewe na nyumba ile. Nimekusoma mpaka mwisho, na ni kweli umezunguka.

Tuanze na machozi yako. Ungemzika mwenzako wa tangu utotoni kwa jicho kavu, mimi ningekuogopa. Umelia, basi, yameisha, hakuna baraza litakaloketi kukuhukumu. Lakini sasa naona umeyageuza machozi hayo kuwa shuka la kujifunikia. Unaniandikia juu ya aibu yako, mikono yako. Msiba ule si wako. Yule mama alikuwa na watu wengi wa kulia naye, mtu wa kumchekesha alikuwa mmoja, naye alilala kaburini akaiacha kazi yake. Ndiyo maana alikuuliza vile. Hakukutukana, alikuwa anakuita.

Na bado anakuita. Mtu ambaye haitikii hata shikamoo amefungua mdomo mara moja, akakutaja wewe. Halafu unaniuliza kama uchome! Waswahili husema kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Wewe umekichonga mwenyewe, umekitundika mwenyewe, na unakikimbia ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mkeo usimpuuze. Anayelala chini ya ukuta huo ni yeye pia, nawe hukumuuliza. Kitoe chumbani leo, kipeleke kwa Ida akiweke, maana si mali ya nyumba yako. Kisha mwambie Fausta kwamba huvai uso wa Makarius. Uso wa Makarius umeuzika. Unavaa mzaha wake, na mzaha wa mtu hauzikwi kama watani wake wapo. Mwombe aje nawe siku hiyo. Akikataa, usigombane naye, nenda.

Sasa hapa ndipo nitakapokugombeza kwa kweli. Unajisifu kwangu kwamba umepima kwa uzi, macho yamelingana, kimefanana na cha kwenye shuka. Nani alikuagiza cha kwenye shuka? Rudia maneno ya yule mama, umeyaandika kwa mkono wako. Alitaka kile cha Makarius. Huyo Bwana Radi wako anayeinua malori, yule mama ana haja gani naye? Mwanawe aliuawa na lori, Theodory. Shujaa wa kuinua lori hakuwepo kwenye ile kona ya Mikumi, na hakuna mama anayetaka kumwona akiingia mlangoni kwake leo, amependeza, amechelewa. Ndiyo maana mikono yako inakataa. Mikono yako ina akili kuliko wewe.

Kabla hujakipeleka kwa Ida, chukua kisu cha jikoni. Si wembe, si patasi, kisu kilekile cha kumenyea muhogo. Chimba tundu moja la jicho mpaka lipande juu kuliko lenzake. Litakuuma, maana umeifanya kazi nzuri, lakini chimba. Ukikiangalia na kikakutazama kwa makengeza, hapo utakuwa umemaliza.

Siku ya arobaini nenda mchana kweupe, watu wakiwa wametoka kusali. Ida amwambie mama yake mapema kwamba mtani anakuja na ameleta alichoagizwa, asishtushwe. Huo moyo unaouogopea umeshabeba kilicho kizito kuliko makaratasi yako. Usitokee mlangoni ukasimama kama mzimu. Ingia kwa kishindo kama alivyoingia yeye, mpite yule ambaye watu wanangoja umkamate, ukamkumbatie kiunoni mtu asiyehusika, mwenyekiti wa kijiji akiwepo ndiye mzuri zaidi. Watu watacheka. Wengine watalia huku wanacheka, waache. Mama Marselina huenda akacheka, huenda asicheke, hilo halimo mikononi mwako, na usimkodolee macho kumpima.

Unaogopa kulia tena. Nitakuambia jambo ambalo mtengenezaji wa vinyago ulipaswa kulijua kabla yangu. Huko ndani hakuna anayekuona. Lia upendavyo, miguu yako icheze tu na mdomo wako uendelee kuwatukana Wangoni. Kitaloa kwa ndani, na kikiloa kitalainika, kitaanza kurudi kuwa uji usoni mwako kama kile cha kwanza juu ya paa. Usijali. Kazi yake itakuwa imekwisha.

Hapo kivue. Nenda kwenye mkeka wake na uso wako mwenyewe, ulivyo, umelowa. Piga goti, mwekee kinyago mapajani, umwambie shikamoo mama, kisha unyamaze. Usirudie. Usimsaidie. Wala usiondoke, hata jua lizame, mpaka aitikie.