Audio Yenye Nilimutumia Mama Mukwe

Siku ya posho, njo Jumamosi, kisha saa sita ya muchana. Mvua inapiga ku manjanja juu ya nyumba na moyo yangu iko nzito.

Naandika hapa juu sina muntu wa kuambia. Dada yangu njo naambiaka kila kitu, na kule njo matata ilitokea.

Telefone yangu ilijaa. Kwa siku ine, audio ya bwana yangu ilikuwa inaingia lakini haifunguke: mémoire imejaa. Bwana yangu ni chauffeur wa kamyo, alipeleka mizigo Kilwa ya huku kwetu Katanga, na ile barabara mu mvua kila muntu anaijua. Nilikuwa nawaza mabaya tu.

Mama yake anaishi na sisi tangu Goma ilianguka. Alifika na mufuko moja na telefone mupya, juu ile ya zamani batu ya bunduki walimunyanganya mu njia, na foto yote ya maisha yake ndani. Hii mupya haikuwa na hata sura moja. Nikamuambia: Mama, nitakutilia foto na audio ya mujukulu wako Dorcas, na mi nipate nafasi. Alipangusa kioo na kitenge yake mbele ya kunipa.

Niliweka telefone mbili pa kitanda, moja karibu na ingine. Namna hii haiombe megabaiti, bintu binapita mu hewa tu. Dorcas akaanza kulilia ziwa. Badala ya kuchagula moja moja, nikagusa «yote». Kamustari kakatembea mupaka mwisho. Kisha nikafuta yote ku telefone yangu.

Audio ya bwana yangu ikafunguka: kamyo imekwama mu matope, yeye iko muzima. «Unichungie mama,» asema. Nilicheka na furaha.

Sikujua kama «yote» iko na sauti yangu pia, zile audio natumiaka dada.

Leo asubuyi Mama alikaa pa mulango na jirani yetu mama Chantal, banasikiliza Dorcas. Audio moja ikiisha, ingine inafuata yenyewe. Mi nilikuwa naosha sahani. Nikajisikia:

«Dada, mama huyu amenichokesha! Maharagi yake inakula makala yote ya jiko, saa kumi ya asubuyi anaomba na kelele, mutoto ananinyanganya. Si angebakia tu kule kwao!»

Angebakia tu kule kwao.

Kule kwenye aliacha mulango wazi, akakimbia na miguu.

Mama Chantal akasimama mbiyo. «Yoo! Mi nilisahabu sombe yangu ku moto!» Uongo, kwake makala ilikuwa haijawashwa. Akipita karibu yangu akaninongoneza: «Mama Dorcas, leo utakula bukari na machozi.»

Mama akaingia ku jikoni. Alipika majani ya lenga-lenga, juu inaivaka mbiyo. Maharagi yenye alilowesha jana, akaipelekea mama Chantal.

Hapo njo nililia.

Kusema kweli, mi si muntu mubaya. Nilikuwa nimechoka, mutoto halalake... Hapana. Njo vile batu babaya banasemaka.

Kisha kula nikaenda kwake. Nilikuwa natafuta neno ya kulomba musamaha, mudomo ikatoa ingine: «Mama, nipe telefone nifute ile audio.» Hata pale, niliwaza haya yangu mbele ya maumivu yake.

Akaishika pa kifua. «Usifute, mama Dorcas. Nyuma ya maneno yako mutoto anacheka. Siku ile miye njo nilikuwa namuchekesha. Mu zingine zote analia tu.»

Ni kweli. Nilikuwa namusema, na yeye alikuwa anachunga mutoto yangu ili nipumuzike.

Kwangu nilishafuta. Ile cheko ya Dorcas iko kwake tu sasa, na kila mara atataka kuisikia, lazima anisikie miye pia.

Namusikia pa veranda, anamuogesha. Dorcas anapiga maji na mikono.

Bwana yangu akirudia, nitamuambia miye mwenyewe, asiambiwe na jirani. Lakini Mama kwanza. Naweka telefone chini. Naenda kupiga magoti pale mu maji ya sabuni, niseme «nisamehe».