Kichwa cha Chewa Mezani kwa Mjomba Jope

KITUO CHA POLISI NASOLEVU, VANUA LEVU, FIJI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elenoa Vakasuka. Umri: miaka 26. Kazi: mchoraji ramani, ofisi ya upimaji ardhi. Makazi: Nasolevu, nyuma ya kiwanda cha sukari.

Ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya Koplo Vilikesa Naulu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Ijumaa, watu wa kijiji tulichokipimia mipaka walituletea chewa mkubwa kwa shukrani. Alipikwa kwa tui la nazi. Kichwa alipewa Mjomba Jope Tamanivalu, mpima ardhi mkuu, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri. Kwetu hakuna anayeuliza kichwa ni cha nani. Sisi wengine tuligawana minofu kwenye chumba cha chai. Yeye alichukua sahani yake akaenda kula mezani kwake, kwa sababu alikuwa na ramani ya kumaliza.

Naomba nieleze meza hiyo. Haina nafasi hata ya kuweka kiwiko. Ramani zimelaliana tangu kabla sijaajiriwa, na kwa kuwa hujikunja, Mjomba huzikandamiza pembe kwa chochote kilicho karibu: jiwe, pasi mbovu, kikombe. Meneja wetu, Bi Coralie Haddow, aliyetoka Brisbane mwaka huu, aliagiza kila meza iachwe tupu jioni. Sote tunatii. Mjomba alimjibu kwamba kila kitu kiko pale pale alipokiacha.

Saa kumi jioni tulikaa mkekani kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi iliyotwangwa. Sakiusa Droka, dereva, ndiye aliyeichanganya kwenye bakuli. Sakiusa na Mjomba ni watani. Visiwa vyao vinataniana tangu enzi za mababu, na hakuna tusi wasilopeana. Alipompa kifuu alimwambia, "Kunywa, we mzee. Kaburi nimeshachimba, ni wewe tu unayechelewesha mazishi." Mjomba alikunywa chote, akasema kaburi lenyewe litamtosha Sakiusa, maana ndiye mfupi. Tulicheka. Bi Coralie hakucheka.

Ilipofika kama saa kumi na mbili, Mjomba alisema midomo imekufa ganzi. Hatukushtuka, yaqona hufanya hivyo. Kisha akatapika, na miguu ikamwisha nguvu. Nilimpa maji ya friji. Aliangusha glasi, akasema, "Eleni, mbona umenipa maji ya moto?" Glasi ilikuwa baridi mkononi mwangu. Sitaki kueleza zaidi juu ya uso wake wakati huo.

Tulimkimbiza hospitali. Bi Coralie aliwaambia polisi maneno aliyoyasikia, na hakuongeza kitu. Sakiusa alikamatwa. Nilijaribu kueleza habari za utani. Askari wa zamu aliniambia, "Dada, hata mimi nina watani. Lakini huyu anakufa kweli."

Leo Jumamosi asubuhi daktari aliniambia mapigo ya moyo wa Mjomba yanazidi kushuka. Aliuliza amekula nini ambacho wengine hatukula. Nilijibu kwamba wote tulikula chewa yule yule. Nilikuwa tayari ngazini nilipokumbuka kichwa. Nilirudi nikamwambia. Akauliza kama kumebaki chochote cha kupimwa. Vyombo vya chumba cha chai vilioshwa jana ile ile na taka zilizolewa. Nilikimbia ofisini.

Nilimkuta Bi Coralie mezani kwa Mjomba, ameshika mfuko mweusi wa taka. Alisema anataka Mjomba akirudi akute pasafi. Nadhani alikuwa amelia. Nilipanda nikakaa juu ya meza. Aliniamuru nishuke, akasema nimechanganyikiwa. Nilimwambia, "Nifukuze kazi Jumatatu. Leo usiguse."

Nilizifunua ramani moja moja, kutoka juu. Ile aliyokuwa akiichora Ijumaa ilikandamizwa pembe ya kushoto na sahani iliyofunikwa foili. Ndani yake kulikuwa na nusu ya kichwa cha chewa. Jicho moja lilikuwa limeliwa, la pili lilikuwa zima. Mjomba huacha kitamu kiwe cha mwisho.

Nilipompelekea daktari sahani hiyo, alisema anashuku sumu ya samaki wa mwambani. Alisema hujaa zaidi kichwani na matumboni, haiishi kwa kupikwa, na anayeipata huhisi baridi kama moto. Alibadilisha dawa hapo hapo. Midomo yangu pia ilinitekenya jana, niliisingizia yaqona.

Sikuona mtu akitia kitu kwenye bakuli, na sote tulikunywa kutoka bakuli hilo. Kichwa tulimpa sisi sote, kwa heshima. Kama kuna wa kuwekwa mahabusu kwa hilo, basi mtuweke ofisi nzima.

Nimesomewa maelezo haya. Ni yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi: E. Vakasuka

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami kuanzia saa sita mchana, shahidi akayathibitisha na kutia sahihi mbele yangu. Saa kumi daktari amepiga simu: mapigo ya moyo yanapanda, mgonjwa amefumbua macho na ameuliza nani amegusa meza yake. Sakiusa Droka ameachiwa. Alipoambiwa kwamba mtani wake yu hai, alikaa sakafuni. Kisha akasema, "Mwambieni kaburi silifukii."

Koplo V. Naulu