Hatua Mia Nane mpaka Kabine

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Hatua mia nane na ishirini kutoka mulango wangu mpaka kabine ya kazi yangu. Nimefika mbele ya sirene ya kazi kulia. Kama kila siku.

Raha ya kambi hii ya wafanyakazi wa Reli ndiyo hiyo: kazi iko karibu. Watu wa bandari, wa atelye ya mafundi, wa biro za makarani mjini, wote tunatoka asubuhi kwa miguu na kusalimiana njiani. Nami nasalimu kwa sauti kubwa. Muntu akikohoa, najua ni nani. Akivuta kiatu, najua. Sura sizioni tena.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Jicho la kuume limekufa tangu Pasaka. La kushoto linaona mwanga na kivuli, na maandishi haya nikiweka pua juu ya karatasi. Jana bibi yangu Marceline, mama ya watoto wangu, aliniuliza kwa nini nina wino wa bic kwa pua. Nikasema nilijikuna.

Lakini njia naijua. Moja kwa moja mpaka harufu ya rundo la taka la jirani yetu Mama Louise, hapo nashika kushoto. Halafu changarawe, halafu mbao za reli, halafu ngazi tano. Ndani kuna levye sita, vyuma virefu vya kuvuta ili kugeuza reli. Shefu anapiga simu: "Ya tatu." Mukono unaenda wenyewe. Kisha nashuka, napima kwa muguu kama chuma kimeshikana. Sijakosea hata mara moja. Ila kila gari ya moshi ikipita, nahesabu magurudumu mpaka iishe.

Bibi yangu hajui. Nikisema, nitapelekwa kwa daktari wa Reli; daktari ataandika kwamba sioni; na nyumba ni ya Reli. Anayetolewa kazini anapewa miezi miwili ahame, basi. Twende wapi na watoto watano?

Jumatano, 5 Septemba

Shefu Lambert ameniita biro. Nikasema moyoni, tayari, wameona. Jasho mpaka kwa soksi.

Kumbe ni cheo! "Sitwayen Kalonda," akasema, yaani mwananchi, maana serikali imekataza majina ya kizungu, na mbele ya wakubwa Norbert haiko, "miaka ishirini na mbili na hujachelewa siku moja." Wananifanya shefu wa stesheni kule Nyunzu. Nyumba ya vyumba vine. Naondoka Jumatatu tarehe 17. Akanipa karatasi nitie sahihi, nikatia. Akacheka sana: nimeandika jina langu juu ya jina lake. Anasema furaha imenichanganya kichwa. Ndiyo, shefu. Furaha.

Shefu wa stesheni kazi yake ni kusoma. Telegramu, karatasi za gari, saa ya ukuta, taa ya mbali. Na miguu yangu haijui hata jiwe moja la Nyunzu. Nikatae? Anayekataa anaandika sababu. Sababu yangu ni moja tu, na ndiyo hiyo hiyo ya kutolewa.

Ijumaa, 7 Septemba

Marceline anaimba tangu juzi. Kuku wawili amemupa Mama Louise, eti huko Nyunzu atafuga wengine. Mama Louise amekuja kunitania: sasa wataomba ruhusa kwanza ndipo wanisalimie. Nikacheka nao.

Jioni nilijaribu. Nikamwambia Marceline, labda tubaki, hapa tumezoea. Akasema pole pole: miaka kumi na nane ya vyumba viwili, watoto juu ya watoto, na hakulalamika. Leo Mungu amefungua mulango, mimi nataka kuufunga?

Nimemkasirikia. Kosa si lake hata kidogo, na bado nimemkasirikia.

Jumamosi, 8 Septemba

Salongo, kazi ya usafi ya watu wote. Kila muntu na koleo, kila muntu na fagio, ni amri. Mukubwa wa kambi akauliza tuanzie wapi. Wote kwa sauti moja: taka ya Mama Louise, inanuka mpaka kwa meza. Mama Louise mwenyewe akakubali.

Nami nikainua mukono pamoja nao. Ningesema nini? Kwamba naipenda?

Tumeibeba mpaka saa sita. Mwishoni wakamwaga chokaa. Wanasema ni pazuri sasa. Hapanuki kitu.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimepotea. Katika kambi yangu!

Nilitembea nikingoja harufu. Haikuja. Nikaongeza hatua, nikafikiri labda nimehesabu vibaya. Mara maji chini ya viatu, na sauti za wanawake zikakatika ghafla. Nimeingia kwa bomba la maji la kambi, kati ya mama na watoto wanaoogeshwa. Mumoja akauliza kwa heshima: "Papa Norbert, unatafuta maji?" Nikajibu ndiyo. Na sina ndoo. Wakacheka, nami nikacheka, na sirene ikalia nikiwa bado pale.

Shefu Lambert hakukasirika. Anasema mwili wangu umekwisha anza safari. Mutoto mumoja wa kike, wa pale bomba, ndiye aliyenishika mukono mpaka kwa changarawe bila kuambiwa na muntu. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Jumatano, 12 Septemba

Michel ameanza. Ndiye atakayeshika levye zangu, na nyumba yangu pia, maana nyumba inafuata kazi. Muntu wa miaka arobaini na kitu, mupole. Anakaa njia ya Katanika: saa moja na nusu kwa miguu asubuhi, saa moja na nusu jioni, mvua ama jua. Akifika kwake watoto wamelala. Ameniuliza kama bomba la maji liko karibu na nyumba. Nikamwambia liko karibu. Nalijua vizuri.

Saa tano simu ikalia: ya tatu. Michel alikuwa ametundika koti lake kwa levye moja. Mukono ukashika nguo, ukashtuka, ukahesabu upya. Nikavuta ya ine, ile inayofuata.

Michel aliruka. Akairudisha, akavuta ya tatu, akashuka mbio kuangalia chuma. Gari ya mizigo ilikuwa bado mbali kidogo. Ikapita. Akapanda ngazi, akakaa karibu nami.

"Papa, tangu lini?"

"Pasaka."

Akaondoa koti lake kwa levye, akalitundika kwa mulango.

Alhamisi, 13 Septemba

Sikulala. Nilifikiri Michel ataenda kwa shefu. Nusu yangu ilitaka aende, ile nusu nyingine ilikuwa inatafuta uongo.

Amekuja asubuhi, matope mpaka magoti, na kusema: "Mimi sitasema kwa muntu. Wende tu Jumatatu, Papa. Huko utapata wa kukusomea."

Nikamwambia Nyunzu gari zinapishana, na anayezipisha ni shefu wa stesheni. Ndani kuna watu.

Akasema bibi yake amekwisha funga vyombo. Watoto wanaimba jina la kambi. Akasema tena, kwa sauti ya chini: "Kama unataka isemwe, sema wewe."

Simuchukii. Ningekuwa na ile njia ya Katanika kwa miguu yangu, ningesema vile vile.

Kutoka kabine mpaka mulango wa shefu ni hatua sitini. Leo nimezitembea mara mbili. Mara ya kwanza mulango ulikuwa umefungwa. Mara ya pili ulikuwa wazi, nikasikia shefu anaomba chai, akacheka na muntu, nikarudi. Mimi ni mwoga. Hilo nalo sikulijua mpaka leo.

Ijumaa, 14 Septemba

Marceline anataka nisome barua ya cheo, ile aliyonipa shefu, mbele ya wageni Jumapili. Amekwisha waambia watu. Michel amenisomea mara ine wakati hakuna gari. Nimeishika yote kichwani. Alisoma vizuri.

Jumapili, 16 Septemba

Baada ya misa uwanja wetu ulijaa. Mukeka, ugali, samaki, pombe kidogo. Shefu Lambert alikuja na bibi yake. Nikatoa karatasi kwa mufuko wa koti, nikaisoma toka juu mpaka chini, na penye "kwa uaminifu wake" nikapumzika kidogo kama muntu anayetafuta mustari. Makofi. Mama Louise alilia. Shefu akanikumbatia mbele ya wote. Nilikuwa karibu kumwambia kwa sikio, mudomo wangu ulikuwa pale pale. Nikasema asante.

Wageni walipotoka, Marceline akaniomba ile karatasi. Nikasikia anaikunjua.

"Norbert. Hii ni karatasi ya shule ya mutoto, ya Lucie. Barua niliitoa kwa koti lako jana, nikaitia kwa sanduku."

Akaja mbele yangu, karibu kabisa. Nafikiri aliinua mukono, maana hewa ilisogea kidogo.

"Vidole vingapi?"

Nikasema vitatu.

Hakuniambia kama ni vitatu. Aliingia ndani.

Sasa ni saa kumi na mbili ya jioni. Naandika bila kuona, mistari itapandana, basi ipandane. Gari ya moshi ni kesho asubuhi. Bibi ya Michel amekwisha leta mikeka na sufuria zake, ziko hapa barazani, na yeye mwenyewe ameketi juu ya mikeka, anangoja kwa adabu. Marceline yuko chumbani na masanduku. Nasikia kamba. Nimeacha kuandika mara mbili ili nisikilize: anafunga tusafiri, ama anafungua tubaki? Kwa sikio ni sauti moja tu.

Nimemwita. Anasema ningoje.