Swali la Ishirini na Sita

Kaka mpendwa,

Shikamoo, tena uipokee mara nne, kwa kuwa huu ni mwezi wa nne sijakuandikia na najua umeshanisema vya kutosha. Goti linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, ni ule wa kuamka nao. Huu ni mwaka wa tano nashusha makreti ya soda ghalani, na asubuhi nikitaka kufunga viatu inanibidi nishike ukuta kwanza, kama mjamzito.

Nilikudokeza kwenye simu kwamba mzee anayeendesha gari letu dogo la kusambaza mzigo anastaafu. Msimamizi aliniahidi nafasi hiyo, mradi nipate leseni ya kujifunzia ndani ya miezi mitatu, halafu mzee mwenyewe atakaa pembeni yangu mpaka niive. Nikaona Mungu kanikumbuka. Kulipwa huku umekaa, kaka! Nilianza hata kuuhurumia mgongo wangu kwa yale niliyoutendea.

Mtihani hufanyika kwenye ofisi ya leseni, chumba chenye kompyuta sita na feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Maswali ni thelathini, unatakiwa upate ishirini na manne, na ukikosa mara tatu unasubiri miezi sita. Lugha unachagua mwenyewe mwanzoni, na Kiswahili kimo. Lakini wenzangu ghalani walikuwa wakisema Kiswahili ni cha walioishia darasa la tatu, nami kwa zile sifa zangu unazozijua nikabonyeza Kiingereza. Mara ya kwanza nilipata kumi na tisa, mara ya pili ishirini na moja. Nilikuwa nimekariri kama kasuku, wakigeuza neno moja tu nimepotea. Mama wa mapokezi, ambaye hajawahi kumtazama mtu usoni, siku hiyo alinitazama. Akaniambia amewaona wengi wakifelishwa na majivuno, na kwamba barabarani hakuna atakayeniuliza nilifaulu kwa lugha gani. Nilikasirika mpaka nilipofika nje, kisha nikaona anasema kweli.

Basi nikarudi kwenye kitabu cha sheria za barabarani ulichonitumia, chenye mistari yako ya kalamu nyekundu. Wiki mbili nilikisoma kila nikitoka kazini, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Jumanne nikaenda kwa mara ya tatu, nikachagua Kiswahili. Kaka, ulikuwa mteremko! Kivuko cha waenda kwa miguu, umbali wa gari la mbele, nani apite kwanza kwenye mzunguko, najibu huku nusura nicheke. Nikajiona mjinga kwa muda wote nilioupoteza.

Swali la ishirini na sita liliuliza hivi: unarudisha gari nyuma na kuna mtu anakuelekeza, ajali ikitokea, nani anawajibika? Uchague kati ya dereva, anayeelekeza na mwenye gari. Kwa Kiingereza nilishakutana nalo mara zote mbili nikalijibu sawasawa bila kufikiri, yalikuwa maneno tu ya kukariri. Safari hii niliyaelewa yote kwa pamoja, nikarudia kulisoma tangu mwanzo. Aliyekaa jirani yangu alimaliza akaondoka, mwingine akaja akakaa.

Jibu nilikuwa nalijua. Limo kitabuni mwako, tena ndiyo sentensi pekee uliyoipigia mstari mara mbili: dereva ndiye anayewajibika. Nami nikabonyeza anayeelekeza.

Nimepata ishirini na matatu. Gari amepewa mwenzangu, mimi nimerudi kwenye makreti. Msimamizi amesikitika kweli, akaniuliza imekuwaje nifelishwe na lugha niliyonyonya. Yeye sikuwa na la kumwambia. Wewe ninalo.

Siku ile ulipokuwa unarudisha lori nyuma na mtunza stoo akavunjika mguu, nami nikiwa utingo wako, nilimwambia askari, nikamwambia bosi, nikamwambia mama, nikakwambia na wewe, kwamba nilipiga bodi ya lori mara mbili nikapaza sauti usimame, ila hukusikia. Sikupiga bodi, kaka. Manyunyu yalikuwa yameanza na sikutaka kulowa, nikajibanza upenuni, mahali ambapo nyuma ya lori sipaoni kabisa. Nilikuwa nakuelekeza kwa mdomo tu. Yule bwana alipopiga yowe ndipo nikatoka mbio, na kufika pale nilikuwa nimeshatunga uongo wangu.

Wewe ukamwambia askari kwamba labda ni kweli hukusikia, maana ndugu yako hawezi kukusingizia. Leseni wakaichukua. Ukaenda kupima masikio mara mbili, daktari akasema ni mazima, ukaona daktari ndiye hajui kazi. Miaka saba sasa unafungulia magari ya wengine geti la shule, na mtu akikuita unageuza kichwa, unamwomba arudie. Nilikuona ukifanya hivyo harusini kwa binamu yetu, mbele ya watoto wako. Mimi nikaendelea kula.

Masikio yako hayana kasoro. Ulisikia vizuri siku ile. Nilisema twende, twende, nafasi ipo.

Barua hii msomee shemeji ukitaka, na mama pia, sitakana hata neno moja. Mtunza stoo nitamwandikia mwenyewe wiki hii. Nisalimie watoto, uwaambie baba mdogo anawakumbuka. Sikuombi unijibu, na ukikaa kimya nitajua ni haki yako.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa utingo wako.