Vidonge Nilivyompa Leonidas

Ntobeye, Ngara,
Kagera.
17 Novemba 2024

Mpendwa dada Auleria,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Songea, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Hapa Mama yupo, anakula kidogo. Mke wangu Speciosa anapalilia maharage peke yake. Mimi ni mzima kiasi cha mtu asiyepata usingizi.

Usishangae mwenye simu kubwa kuliko zote Ntobeye kukuandikia kwa kalamu. Kwenye simu nimekudanganya mara tatu kwamba mdogo wetu Leonidas ana malaria. Karatasi hainiulizi maswali, ndiyo maana nimeikimbilia.

Dada, unajua mwaka huu alivyokuwa ametengemaa. Ile sindano ya kila mwezi ilinyamazisha sauti za kichwani, akalima, akaimba kwaya, akaanza hata kunitania mimi. Mwishoni mwa Oktoba hospitalini walimwongezea kidogo kipimo cha sindano hiyo. Siku ya nne akakaa mlangoni kimya, shingo imekaza, jasho linamtoka kama mbeba magogo.

Speciosa alisema huyu anaumwa mwili, tumpeleke hospitali. Nikamcheka. Unanijua: mtu aliyekuwa utingo wa malori hadi Kigali na Bujumbura, atafundishwa na nani? Nikasema ni ugonjwa wake wa kichwa unarudi, maana hata zamani ulianzaga kwa kimya. Nikatoa vidonge vyake vya zamani vya kutuliza sauti, vilivyobaki kwenye kopo la chumvi, nikampa viwili asubuhi, viwili jioni. Siku tatu.

Siku ya tatu alikuwa moto wa kuunguza kiganja, na mkojo wake mweusi kama kahawa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, pikipiki hazipandi, basi majirani wakaja na ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa. Leonidas hakukunjika kuingia. Alilala juu ya kingo zake kama ubao, miguu nje. Unajua njiani mimi ndiye huwachekesha wabebaji wasisikie uzito. Walisubiri nianze. Sikuanza.

Tulipofika hospitali, daktari alisema chanzo ni dawa ile ile inayomtuliza. Kwa watu wachache sana, mmoja katika maelfu, inakaza misuli na kuchemsha mwili, misuli inaharibika, uchafu wake unaumiza figo. Leonidas hajawahi kushinda hata jogoo kwenye bahati nasibu ya parokia, lakini hii kaishinda. Nimeandika utani, Dada, ila sicheki.

Dawa hizo wamezisimamisha zote. Joto limeshuka, figo bado. Wanazungumzia kumpeleka Mwanza. Na hata akipona, sauti zitarudi, na daktari mwenyewe anaogopa kumpa kitu tena. Sioni pa kupita.

Kila asubuhi daktari huuliza kama alikunywa kitu kingine baada ya sindano. Nimejibu hapana mara nne, mbele ya Mama, ambaye hadi leo alidhani mimi ndiye mwenye akili humu ndani.

Leo taya lake limelegea kidogo. Akaniangalia, akanong'ona, "Kaka, vile vidonge ulivyokuwa unanipa vimeisha? Nipe nimalize, nipone."

Mama alikuwa amekaa palepale. Aliinuka, akahamishia kiti chake upande wa pili wa kitanda.

Kesho daktari akipita nitamwonyesha kopo lenyewe na kumwambia ni vidonge kumi na viwili, na vyote alivimeza bila kuuliza kwa sababu ni mimi niliyempa.

Msalimie shemeji William na mpwa wangu Consolatha. Speciosa anakusalimu, yeye alisema kweli mapema. Mungu awafunike nyote. Ukisali, mtaje Leonidas kwanza. Mimi nitakaa kwenye foleni.

Mdogo wako anayekupenda, hata ukinichukia,

Philbert