Waliosimama Nyuma ya Danson

Mgange, Taita
9 Machi 1925

Dada yangu mpendwa Wakio,

Salamu nyingi kutoka kwetu mlimani. U hali gani huko Voi, na shemeji Kombo na duka lake? Sisi wazima, ila baridi. Jedidah hakusalimu leo kwa sababu hasemi na mtu. Anasema mimi mumewe nimemtia aibu.

Dada, nimeanguka. Siku ya kuchagua mjumbe wa baraza la wilaya, Bwana DC alituambia sisi tunaotaka kiti tusimame uwanjani, na kila mwanamume akasimame nyuma ya mtu anayemtaka. Mstari wa mpinzani wangu Thadeus ulipinda mpaka kwenye migomba. Nyuma yangu alisimama baba mkwe, na mwalimu mwenzangu, na Fanuel mlevi, ambaye nadhani alikosea mstari.

Baba hakusimama popote. Alikaa juu ya jiwe, ametupa mgongo, anatazama njia ya Mwatate. Watu walimwangalia yeye kwanza kabla ya kujipanga. Nikamsikia mmoja akisema, "Ikiwa babake mwenyewe hajapoa moyo, sisi ni nani?"

Najua ni ile hasira ya wewe kuolewa na Mwislamu wa pwani bila ruhusa yake. Amekaa nayo tangu ulipoondoka. Sikulaumu, dada. Nakueleza tu, maana huku sina wa kumweleza.

Mdogo wako,
Danson


Voi
2 Aprili 1925

Mdogo wangu Danson,

Assalaam alaikum, hata kama wewe mwalimu wa misheni hupendi kuitikia. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kombo yuko Mombasa kununua vitambaa, kwa hiyo nyumbani ni mimi na paka.

Kwa habari ya Fanuel nilicheka, kisha nikalia. Mtoto niliyembeba mgongoni baada ya mama kufa, leo asimame uwanjani peke yake hivyo! Lau ningekuwa mwanamume, ningesimama nyuma yako mpaka jua lizame.

Lakini dawa unaijua. Baba na atase, kama desturi yetu. Aseme yote yaliyomo moyoni, apige funda la dengelua, kisha ateme nje, hasira itoke na pombe. Wala usinihubirie, kutema pombe si kuinywa! Nitapanda treni ya Taveta nishuke Mwatate, nipande mlima kwa miguu, nimpigie magoti mwenyewe. Watu wa hapa ni wema kwangu. Wananiita Umi, jina nililopewa niliposilimu. Lakini hakuna hata mmoja anayejua nilivyokuwa mtoto, na hilo linanichosha.

Niambie tu nije lini.

Dada yako,
Wakio


Mgange
21 Aprili 1925

Dada yangu,

Natumai u mzima na Kombo amerudi salama. Barua yako imenipasua moyo, na jibu langu ni baya: usije kwanza.

Ukipanda huku na buibui lako, watu wa Thadeus watapata la kusema, na wazee wa kanisa ndio tegemeo langu. Ngoja nipate kiti. Nikishakuwa mjumbe nitakuleta mchana kweupe, na hakuna atakayefungua mdomo. Ni uchaguzi mmoja tu zaidi. Na kumwomba Baba atase, mimi mwalimu, siwezi. Tafadhali usinikasirikie.

Mdogo wako,
Danson


Voi
17 Julai 1927

Mdogo wangu,

Hujambo? Jedidah hajambo? Mbona kimya, wino umekwisha huko?

Wauza miwa wa Mwatate wameniambia ulisimama tena na ukaanguka tena, ila safari hii mstari wako nao ulifika kwenye migomba. Pole, mwanangu. Na Baba alikaa tena juu ya jiwe lake? Wanasema siku hizi anatembea kwa shida.

Mimi sina jipya. Mtoto Mungu hajanijalia. Mchana nauza, jioni nakaa mlangoni natazama mlima wenu. Nikisikia mtu dukani anaongea Kidawida chetu, namzidishia chumvi ili akae kidogo tuzungumze. Kombo anasema nitamfilisi.

Sasa je, nije? Nimenunua leso mpya kwa ajili ya safari. Kama tabu ni buibui, nitalivua Mwatate. Sikudhani nitakuja kusema neno hilo, lakini nimelisema.

Dada yako,
Wakio


Mgange
11 Februari 1929

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha. U mzima? Nisamehe, barua yako ya mwaka ule sikuijibu. Nilitaka niwe na habari njema kwanza, na leo ninayo. Nimepata kiti!

Sikiliza ilivyokuwa. Kabla ya uchaguzi nilimeza aibu yangu, nikamwendea Baba na kibuyu cha dengelua, nikamwomba aitase hasira yake juu yako. Alinitazama kama mjinga. "Ya Wakio? Ile niliitema wiki ile ile aliyoondoka."

Nikamuuliza, basi kwa nini hukusimama nyuma yangu? Akasema, "Namngoja. Wewe kila mara unakwenda Voi kuchukua chaki, na unarudi na chaki. Nilidhani siku moja utarudi naye."

Nikamwahidi kukuleta uchaguzi ukiisha. Na siku ile alikuja na fimbo yake, akawa wa kwanza kusimama nyuma yangu. Watu walipomwona, walihama mstari wa Thadeus. Ungefurahi.

Baraza letu litakaa hapo Voi tarehe kumi na nane Machi. Kikao kikiisha nitakuja mlangoni kwako, twende pamoja. Funga mizigo kabisa.

Mdogo wako, mjumbe,
Danson


Mgange
29 Machi 1929

Dada Wakio,

Natumai hujambo. Mimi sijui niseme nini.

Baba ametutoka. Alifariki nikiwa kikaoni huko Voi. Habari ilinikuta Mwatate, na nilipofika juu walikuwa wamekwisha chimba kaburi. Jedidah anasema siku zile zote alitaka abebwe nje, aketishwe juu ya jiwe lake.

Kwako sikufika. Wajumbe wenzangu hawakuniacha hata kidogo, tukaenda stesheni pamoja. Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata. Wewe unanijua.

Watu wananiamkia kwa heshima, kisha wanapita. Jedidah anapika na kuondoka. Nikikaa peke yangu nahisi hasira yako iko juu yangu, na wewe ndiwe mkubwa wangu, sina mwingine aliyebaki. Nitasie, dada. Najua dini yenu haitaki pombe. Nitasie hata kwa maji. Nami nitaacha kiti ukitaka. Njoo, au niambie nije.

Mdogo wako,
Danson


Voi
30 Aprili 1929

Danson,

Barua yako niliipata. Kombo alinishika mkono nisiandike siku ile, nikangoja.

Kuhusu Baba nimelia mpaka nimekauka, na sitakuandikia hayo.

Siku ya kikao nilikaa mlangoni tangu asubuhi. Leso mpya nimejifunga, kifurushi kiko miguuni. Alasiri nikakuona unakuja na wenzako, umevaa viatu, unapendeza. Nikakuita jina nililokuwa nikikuita ukiwa mgongoni kwangu. Hukugeuka. Mmoja wao ndiye aliyegeuka, akakuuliza, "Yule nani?" Nawe ukasema, "Mke wa mwenye duka." Barabara ya hapa si pana, Danson. Nilisikia.

Nilikaa na kifurushi changu mpaka treni ikapiga honi. Nilisema labda amesahau kitu, atarudi.

Umeniomba nikutasie. Jana nilijaribu. Nilichota maji, nikasimama mlangoni, nikauelekea mlima. Nikasema yote yaliyomo moyoni: jiwe la Baba, chaki zako, buibui langu. Nikapiga funda. Nilikukumbuka ulivyokuwa mdogo, ukilaza kichwa chako begani kwangu, na nilitaka kuyatema, wallahi nilitaka.

Maji niliyameza.

Hongera kwa kiti.

Umi,
mke wa mwenye duka